Kuhe, sangala au perege? Kamba au dagaa? Kuchagua samaki wa kuoka na kifuniko chake ukiwa Kigoma

Anayeoka mnofu wa samaki mweupe chini ya kifuniko cha chenga za mkate na kamba anapika vitu viwili kwa moto mmoja. Chini kuna nyama laini inayoiva kwa dakika chache. Juu kuna mkate na siagi, vinavyotaka joto kali mpaka vigeuke rangi ya dhahabu. Cha chini kikiwahi, samaki anakauka huku mkate bado umepauka; cha juu kikiwahi, unakula masizi juu ya samaki mbichi. Kwa hiyo ukifika mwaloni Kibirizi au Katonga, usianze kuuliza samaki yupi mtamu. Angalia kwanza unene wa mnofu atakaokupa.

Pishi lenyewe ni la pwani ya New England, Marekani, ambako minofu minene ya samaki wa bahari ya baridi hufunikwa kwa biskuti za chumvi zilizopondwa, siagi, na kamba au kaa. Sisi tuna Ziwa Tanganyika, na maji yake hayana chumvi. Lina kamba wake wadogo na kaa wake, wengine wasiopatikana popote pengine duniani, lakini hao hakuna anayewapima kwa kilo. Kamba utakayemkuta dukani Kigoma ametoka baharini, amegandishwa, na amesafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Hapo ndipo dagaa anapoingia kwenye ushindani, tena kwa nguvu.

## Samaki wa chini

Kuhe ndiye wa kumtafuta kwanza. Ni wa ukoo mmoja na perege, tena ndiye mkubwa kuliko wote katika ukoo huo, na ni samaki wa Tanganyika peke yake. Perege amebapa ubavuni. Kuhe ana mwili mrefu ulionenepa, kwa hiyo mnofu wake una unene usiopishana sana kuanzia nyuma ya kichwa hadi karibu na mkia. Kuhe wa kilo mbili hivi hutoa vipande vya sentimita 2.5 hadi 3 upande wa mgongo. Nyama ni nyeupe, imeshikana, na haimwagiki kwenye mwiko unapoitoa kwenye trei. Unene huo unakwenda sawa kabisa na muda ambao chenga zilizolowa siagi zinauhitaji kubadilika rangi, na ndiyo maana wapishi wa hapa humpenda kwa kuoka hata bila kifuniko chochote.

Kasoro yake ni miiba midogo iliyojipanga katikati ya mnofu, upande wa kichwa. Pitisha kidole utaisikia. Kata kwa ncha ya kisu pande zote mbili za mstari huo, utoe ukanda mwembamba wenye umbo la V. Unapoteza nyama kidogo, lakini mwiba uliojificha chini ya chenga za mkate ni hatari kuliko mwiba wa samaki wa kukaanga, kwa sababu mlaji hauoni na anatafuna kwa haraka akidhani anakula kitu laini.

Sangala ana mkanganyiko wa jina. Herufi moja tu inamtenga na sangara wa Mwanza, na wako wanaoamini ni samaki yuleyule. Ni ndugu, wote jamii ya Lates, ila sangara alipandikizwa Ziwa Victoria, na huyu sangala ni mwenyeji wa Tanganyika. Nyama yake ina mafuta mengi kuliko ya kuhe, hasa upande wa tumbo, na mafuta hayo yanakusamehe. Ukizidisha dakika mbili tatu, sangala bado analika, wakati kuhe ameshaanza kuwa kama pamba mdomoni.

Tatizo la sangala ni kwamba mnofu wa mgongo wa samaki mkubwa unafika sentimita 4 au zaidi, na mahali pa tumbo hauzidi 1. Ukiuweka trei nzima kama ulivyo, tumbo linakauka kabla mgongo haujapata joto. Tenga tumbo, liende kwenye supu. Mgongo ukate kwa mshazari, kisu kimelala, upate vipande vya sentimita 3. Usikate wima ukapata vipande vyembamba kama matofali yaliyosimama. Vitaanguka na kumwaga kifuniko.

Perege, ambao wengi huku huwaita ngege, anapatikana kirahisi, na wa bwawani yupo mwaka mzima. Lakini hesabu mnofu wake. Samaki wa kilo moja anakupa minofu ya gramu 300 hadi 350 tu, na perege wengi wanaouzwa hawafiki nusu kilo. Mnofu wa sentimita 1 au 1.5 unaiva kwa dakika 8 hadi 10, muda ambao chenga za mkate hazijaanza hata kupata rangi. Wengi hungoja rangi itokee, na ndiyo sababu perege wa kuoka mara nyingi anakuwa mkavu. Kuna njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kukaanga chenga kwenye kikaango mpaka ziwe za dhahabu kabla ya kuziweka juu, ili kazi ya tanuri iwe kuivisha samaki tu. Ya pili, na kwa perege ni bora zaidi, ni kuachana na minofu: muoke mzima, mchanganyiko uingie tumboni badala ya kukaa juu. Mifupa na ngozi vinamlinda asikauke.

Perege wa bwawani anaweza kuwa na harufu ya tope. Harufu hiyo huletwa na vijidudu na mwani wa kwenye maji yaliyotulia, ikaingia kwenye nyama. Haimaanishi samaki ameoza. Dakika 15 kwenye maji yenye juisi ya ndimu mbili zinaipunguza. Usimlaze humo saa nzima, asidi itaanza kuigeuza nyama iwe nyeupe na kavu kabla ya moto.

Wapo watakaouliza kuhusu mgebuka, maana ukisema samaki wa Kigoma wengi humfikiria yeye kwanza. Mwache kwenye mawese na kwenye moshi. Ni mwembamba, minofu yake haina ubapa wa kubeba kifuniko.

Muda ufuatao ni wa tanuri lililokwisha kupata joto la nyuzi 200, kifuniko kikiwa na unene wa sentimita moja:

| Samaki | Unene | Dakika | Chenga |
|---|---|---|---|
| Kuhe, mnofu | sm 2.5–3 | 15–18 | zilizolowa siagi, hazijakaangwa |
| Sangala, kipande cha mgongo | sm 3 | 17–20 | zilizolowa siagi, hazijakaangwa |
| Perege, mnofu | sm 1–1.5 | 8–10 | zilizokaangwa kabla |
| Perege mzima, gramu 500–600 | – | 25–30 | tumboni, hazijakaangwa |

Mwenye kipimajoto cha nyama atoe samaki kikisoma nyuzi 63 katikati ya sehemu nene. Asiye nacho achomeke uma penye unene na kuuzungusha kidogo: nyama ikiachana kwa tabaka na haing'ai tena kama kioo, toa. Ukiona matone meupe mazito yanatoka ubavuni mwa kipande, hiyo ni protini iliyokamuliwa na joto. Umeshachelewa kidogo.

Kupatikana kwa samaki nako kunaamua. Wavuvi wa dagaa na migebuka hutegemea taa na usiku wa giza, hivyo mwezi ukiwa mpevu hao wawili hupungua sokoni. Kuhe na sangala wa ndoana na nyavu hawategemei giza kiasi hicho. Halafu kuna kufungwa kwa ziwa: mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Katika kipindi cha namna hiyo ulinganisho unafutika wenyewe. Anabaki perege wa bwawani, na dagaa uliowaweka akiba.

Kwa msomaji wa Tabora, samaki wa ziwa humfikia akiwa kwenye barafu. Kuhe aliyekaa barafuni siku mbili bado anafaa kwa kuoka, mradi matamvua yana wekundu na nyama ikibonyezwa inarudi. Akiacha alama ya kidole, usimuoke. Mkaange na kitunguu na nyanya.

## Kamba au dagaa

Kamba mzuri ana utamu ambao dagaa hana. Hilo halina ubishi. Ubishi ni kama kamba aliyeko mbele yako kwenye friza ya duka ni mzuri.

Shika pakiti uitikise. Kamba waliogandishwa mara moja, mmoja mmoja, wanagongana kama kokoto. Wakiwa bonge moja, na kuna barafu nyeupe kama chumvi imejikusanya pembeni mwa pakiti, waliyeyuka njiani au umeme ulikatika muda mrefu, wakagandishwa tena. Kamba wa hivyo ukimpika anakuwa kama unga mdomoni na anatoa maji mengi, na maji ndiyo adui mkubwa wa kifuniko. Madoa meusi kwenye gamba peke yake si kuoza. Harufu kali ya mkojo ndiyo inayomkataa.

Jambo la pili ni uzito. Kamba wengi huvishwa koti la barafu ili wasikauke ndani ya friza, na koti hilo likihesabiwa kwenye mizani unalipia maji. Pima baada ya kuyeyusha. Kwa watu wanne unahitaji gramu 150 za nyama ya kamba iliyomenywa, basi. Zaidi ya hapo kifuniko kinakosa mkate wa kukishikilia. Na kwa kuwa utawakatakata, usinunue wakubwa. Wadogo wanatosha na bei yao ni nafuu.

Wayeyushe kwenye jokofu usiku kucha, au ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, kwenye bakuli la maji ya baridi, dakika 30 hadi 40. Maji ya moto yanawaivisha kingo huku katikati bado ni barafu. Kisha angalia rangi. Wa kijivu ni mbichi. Wa waridi wameshachemshwa kiwandani. Wabichi wakate vipande vya sentimita moja, wapitishe kwenye kikaango chenye moto mkali kwa dakika moja tu, kisha wamimine kwenye chujio. Juisi itakayodondoka usiimwage. Ichemshe ipungue ibaki kijiko kimoja, uchanganye na siagi. Walioiva tayari hawataki kikaango kabisa: wakamue kwa mikono, wakate, wachanganye mwisho. Aina zote mbili zifukie ndani ya chenga. Kipande kinachochomoza juu kinapigwa na joto dakika 15 nzima na kugeuka mpira.

Dagaa ni habari nyingine. Yeye ni mkavu, na ukavu huo ndio unaomfaa kwa kazi hii: badala ya kutoa maji, anayanywa. Utamu wake umejikusanya, kiasi kwamba gramu 40 za dagaa wakavu zinafanya kazi ambayo kamba anaifanya kwa gramu 150. Hana haja ya friza, na anakaa kabatini mwezi mzima akifungwa vizuri.

Chagua walioanikwa kwenye vichanja. Walioanikwa juu ya mchanga huja nao hadi jikoni, na mchanga kwenye mchuzi unaweza kutulia chini ya sufuria lakini ndani ya chenga za mkate hauna pa kwenda, utauma meno. Rangi iwe ya fedha inayong'aa. Dagaa aliyegeuka manjano au kahawia kama kutu, mafuta yake yameharibika; ladha hiyo inakwaruza koo, na tanuri haiondoi, inaizidisha.

Kuwaandaa kunataka subira kidogo. Chambua vijiti na mawe. Toa vichwa, maana uchungu mwingi unatoka huko. Kwa mchuzi watu wa hapa hawajisumbui, na ni sawa, ila kwa kifuniko uchungu hauna nyanya wala mawese mengi ya kuuzima. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili, kila mara ukiwanyanyua kwa vidole badala ya kumimina, ili mchanga ubaki chini ya bakuli. Wafute, wakaange kwenye kikaango kikavu kwa moto wa wastani dakika 4 hadi 5 mpaka mmoja ukimvunja analia. Watwange kwenye kinu mara chache tu. Unataka vipande kama punje za mchele. Ukitwanga ukapata unga, mchanganyiko unakuwa uji wa kahawia unaoganda kama kiraka juu ya samaki.

Usitie chumvi kabla ya kuonja. Dagaa wa muuzaji huyu na wa yule hawalingani chumvi.

Sasa nani na nani? Kuhe na dagaa ndio ndoa bora ukiwa Kigoma: nyama ya kuhe ni ya upole, inaubeba ukali wa dagaa bila kugombana nao, na vyote viwili vinatoka mwalo mmoja. Sangala anakwenda vizuri zaidi na kamba. Mafuta yake pamoja na harufu nzito ya dagaa yanakinaisha baada ya matonge machache. Perege wa minofu apewe dagaa, kwa sababu chenga zake lazima zikaangwe kabla, na dagaa hapungukiwi na kitu kwa kukaangwa mara mbili. Kamba angekuwa mpira. Perege mzima anakubali yeyote. Ukimwalika mtu usiyemjua vizuri, uliza kwanza kama ana mzio wa kamba. Mzio huo unaweza kuwa mkali, na vipande vilivyofukiwa kwenye mkate havionekani.

Dagaa wabichi, hata wakiwa wametoka ziwani asubuhi, waache. Wana maji mengi na utumbo wao unalainika upesi kwenye joto.

## Mkate na mafuta

Mkate wa siku mbili, slesi nne, unatoa gramu 100 hivi za chenga. Mkate wa leo ni mbichi ndani, ukiuchambua unajiviringa kuwa vidonge na kuwa kama gundi. Kama huna wa juzi, anika slesi juani saa mbili au zikaushe kwenye tanuri la moto mdogo. Biskuti za chumvi nazo zinafaa, na ndizo za asili ya pishi hili, ila tayari zina mafuta na chumvi: punguza siagi kwa karibu nusu.

Kwa gramu 100 za chenga tia gramu 50 za siagi iliyoyeyushwa. Ukipenda mawese, tia 40. Sababu ni kwamba siagi ni mafuta asilimia 80 hivi na kinachobaki kwa sehemu kubwa ni maji, wakati mawese ni mafuta matupu. Mawese yanampendeza dagaa kuliko siagi inavyompendeza, na kwa kamba yanafunika utamu wote uliolipia. Yana mtego mmoja: kifuniko kinakuwa cha rangi ya chungwa tangu kikiwa kibichi, kwa hiyo huwezi kupima kuiva kwa macho. Gonga juu kwa kijiko. Kikitoa mlio mkavu, tayari. Majarini ngumu ya kuokea inafanya kazi kama siagi. Ile laini ya kupaka yenye mafuta kidogo ina maji mengi, na kifuniko chake hakikauki hata ungoje mpaka usiku.

Yai halihitajiki. Linafanya kifuniko kiwe keki ngumu inayoteleza nzima nzima ukikata. Kwa mnofu wa perege tu, ambao ni laini na unateleza, paka kijiko cha chai cha mayonezi juu yake kama gundi.

## Oveni au mkaa juu na chini

Oveni ina faida moja kubwa, joto linalojulikana. Weka nyuzi 200, trei ikae hatua moja juu ya katikati. Yenye feni, shusha hadi 180. Vioveni vidogo vya mezani vina waya wa moto karibu mno na chakula. Acha walau sentimita 10 kati ya waya na kifuniko, la sivyo kitaungua juu ndani ya dakika tano.

Mkaa, ukiuelewa, unatoa kifuniko kizuri kuliko vioveni vingi, kwa kuwa moto wa juu uko mikononi mwako. Tafuta sufuria nzito pana. Mimina mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa sentimita 2, uweke pete ya chuma au vijiwe vitatu vilivyo sawa, na trei ya samaki juu yake isiguse kuta. Funika kwa sinia la bati lisilo na kitasa cha plastiki. Palia mkaa: vipande 5 au 6 chini, 12 hadi 15 juu. Watu hufanya kinyume, moto mwingi chini kama wanapika wali, kisha wanashangaa samaki ameshika trei na mkate umelowa.

Acha sufuria ipate moto dakika 15 kabla ya kuweka samaki. Kuipima, tia kijiko cha unga wa ngano kwenye kifuniko cha kopo, kiweke ndani, funika dakika 5. Unga ukiwa kahawia iliyokolea, uko karibu na nyuzi 200. Ukiwa manjano tu, ongeza mkaa juu. Ukiungua kabla ya dakika 3, punguza.

Usifunuefunue. Kila ukinyanyua sinia unapoteza joto, na majivu yanadondokea chakula. Angalia mara moja, dakika ya 14, ukilinyanyua wima bila kulipindisha. Kwa mkaa ongeza dakika 3 hadi 5 kwenye muda wa jedwali.

## Utaratibu, kwa watu wanne

Minofu ya kuhe gramu 600, vipande vinne. Lita moja ya maji na gramu 50 za chumvi. Chumvi ya Uvinza ikiwa ya mawe, ipime kwa mizani au itwange kwanza, kwa sababu kijiko cha chumvi ya mawe kina chumvi kidogo kuliko kijiko cha chumvi laini. Laza samaki humo dakika 15, si zaidi. Nyama inakaza na ile protini nyeupe haitoki ovyo. Kisha mfute kwa kitambaa safi pande zote mpaka asing'ae kwa maji. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayolowesha kifuniko kutokea chini.

Wakati samaki yuko kwenye chumvi, kaanga kwenye kijiko kimoja cha ile siagi kitunguu kimoja kidogo na nusu ya pilipili hoho, vyote vimekatwa vidogo sana, mpaka vilainike na maji yao yaishe. Tia punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa, nusu dakika tu. Kitunguu kibichi ndani ya kifuniko hakiivi. Kinatoa maji na kubaki kikali. Epua, changanya na gramu 100 za chenga, siagi iliyobaki, dagaa au kamba, ganda la limau moja lililokwaruzwa, majani ya giligilani kiganja kimoja, pilipili manga. Bana mchanganyiko kwa vidole: ushikane, kisha ukiuachia umeguke. Ukibaki bonge, ongeza chenga. Ukikataa kabisa kushikana, ongeza kijiko cha siagi.

Paka trei mafuta, panga vipande bila kugusana, sentimita 2 kati yao ili mvuke upate njia. Gawa kifuniko kwa kipimo sawa, unene wa sentimita moja. Usikandamize; mwaga na kusawazisha kwa vidole tu. Kilichokandamizwa kinafunga mvuke wa samaki chini yake na kugeuka ugali wa mkate. Oka. Juisi ya limau isubiri mezani, kwa sababu ukiimimina kabla ya kuoka unalowesha ulichokifanyia kazi.

## Kikienda kombo

Kifuniko kimeiva, samaki bado: funika juu kwa karatasi ya foili bila kuibana, rudisha dakika 4. Kwenye mkaa, ondoa nusu ya mkaa wa juu uuhamishie chini. Safari nyingine kata vipande vyembamba zaidi.

Samaki ameiva, kifuniko kimepauka: mtoe. Usimngojee mkate. Kama oveni ina moto wa juu peke yake, uwashe dakika moja na nusu ukiwa umesimama hapohapo. Kwa mkaa, tumia sinia lililokwisha kupata moto mkali kwa kulipakia mkaa wote, dakika mbili.

Maji yamejaa kwenye trei: mara nyingi samaki aligandishwa akayeyushwa haraka, au hakufutwa. Yamimine kwa uangalifu dakika ya kumi, usiyaache yachemke, maana hapo unachemsha samaki huku ukidhani unaoka.

Kifuniko kinateleza chote kikikatwa: ngozi ilikuwa juu. Ngozi ikae chini siku zote, au itolewe. Kwa kuhe ibaki, inamsaidia kipande asivunjike.

Mezani, ugali wa muhogo mzito unamezwa vibaya na chenga kavu bila mchuzi. Wali au ndizi za kuchemsha zinafaa zaidi, na kachumbari yenye ndimu nyingi. Kiporo kikibaki, kiingie kwenye jokofu ndani ya saa mbili, kiliwe kesho yake. Kupasha, usitumie chombo kilichofunikwa wala maikrowevu kama unaujali mkate: tenga kifuniko na samaki, samaki apashwe taratibu na kijiko cha maji chini ya mfuniko, chenga zirudi kwenye kikaango kikavu dakika mbili, kisha zikutane tena sahanini.